"Dawa ya Injini": Uchafu Si Uchakavu

Jumamosi iliyopita, nikiwa katika duka la vipuri Kariakoo, nilimsikia muuzaji akimwambia mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu, "Mzee wangu, chukua na dawa hii, inasafisha injini nzima, gari itarudi kuwa mpya." Mzee alikuwa amekuja kununua plagi za Corolla yake ya mwaka 1998, na plagi moja ya zamani alikuwa ameifunga katika kipande cha gazeti ili aioneshe kama sampuli. Akanunua plagi nne na ile dawa juu yake. Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, gereji na dukani, kwa watu wenye nia njema kabisa, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Kinachouzwa kwa jina la dawa ya injini ni kiongezeo, yaani kemikali inayotiwa kwa kiasi kidogo katika petroli, dizeli au oili ili kuipa sifa isiyokuwa nayo au kuikoleza ile iliyo nayo. Vipo vya kusafisha, vya kupandisha okteni (uwezo wa petroli kutolipuka ovyo ndani ya silinda), vya kuifanya oili iwe nzito, na vingine vingi. Maana hiyo haina ugumu. Ugumu umo katika neno tunalolitumia.

Neno dawa tumelipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana ya kitu cha kutibu, kisha Kiswahili kikalipanua mno. Tunasema dawa ya meno na dawa ya viatu, na vilevile dawa ya mbu na dawa ya panya. Katika jozi ya kwanza, kinachotajwa ndicho kinachotunzwa. Katika jozi ya pili, kinachotajwa ndicho kinachouawa, na hatuchanganyikiwi kwa sababu kila mtu anajua kwamba panya hatunzwi. Tukifika kwenye dawa ya injini, ujuzi huo wa kawaida hautusaidii tena, kwa kuwa jina halisemi inaondoa nini, wala inapita wapi. Tena neno dawa huja na ahadi ya kupona. Mgonjwa akipewa dawa, kazi kubwa huifanya mwili wenyewe: kidonda hufunga, mfupa huunga. Chuma hakina uwezo huo, na ringi ya pistoni iliyokwisha kulika haioti upya.

Hapo ndipo ilipo tofauti inayonikera kila inapofutwa, nayo Kiswahili kimeiweka wazi kuliko tunavyojali: uchafu na uchakavu. Kilichochafuka kimeongezewa kitu kisicho chake, kwa hiyo kitu hicho kikiondolewa, chenyewe kinabaki kama kilivyokuwa. Kilichochakaa kimepungukiwa na kitu kilichokuwa chake. Kanzu yenye madoa utaifua, lakini kanzu iliyotoboka kiwikoni hata ukiifua mara mia itabaki na tundu lake, safi kabisa. Injini iliyotembea kilomita 250,000 huwa na yote mawili kwa pamoja, masizi na utando upande mmoja, ringi na sili zilizochoka upande mwingine, na kiongezeo cha kusafisha kinashughulika na la kwanza tu.

Hata huo uchafu wenyewe hakiufikii wote, kwa sababu injini ina njia mbili zisizokutana, au zisizopaswa kukutana. Ipo njia ya mafuta, inayoanzia kwenye tangi, ikapita pampu, filta na nozeli inayopuliza mafuta hadi ndani ya silinda, na ipo njia ya oili, inayozunguka kutoka sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini, hadi kwenye beringi na kamshafti na kurudi. Kisafishaji cha kutiwa kwenye tangi hupita njia ya kwanza peke yake. Vile bora huwa na kemikali iitwayo polietheramini, ambayo molekuli yake hufanya kazi kama sabuni: ncha moja, yenye naitrojeni, hung'ang'ania uchafu, na mkia wake huyeyuka katika petroli, hivyo uchafu hung'oka kidogo kidogo na kwenda kuungua. Nozeli iliyoziba nusu, ikawa inadondosha badala ya kupuliza, huweza kurudi katika hali nzuri kwa njia hiyo, na gari lililokuwa linatetemeka likiwa limesimama injini inanguruma likatulia. Faida hiyo ni ya kweli, wala siipingi.

Sasa mtazame mwenye gari la D-4, jina ambalo Toyota huziita injini zake zinazopuliza petroli ndani ya silinda. Mwaka 1996 Toyota na Mitsubishi walianza kuuza magari ambayo nozeli zake hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, si nyuma ya valvu kama zamani, na Noah nyingi na baadhi ya Premio za miaka ya 2000 zilizoingia kwetu zina injini za namna hiyo. Katika injini ya kawaida petroli huiosha migongo ya valvu za kuingiza hewa kila inapopita. Katika D-4 haipiti hapo kabisa, kwa hiyo masizi hujengeka mgongoni mwa valvu mwaka baada ya mwaka, na mwenye gari anamimina chupa baada ya chupa kwenye tangi kusafisha mahali ambapo petroli haigusi. Nozeli zake huenda zikanufaika. Migongo ya valvu itabaki vilevile mpaka fundi afungue manifoldi, yaani bomba la kuingizia hewa, na kuikwangua kwa mkono, au kuipulizia unga wa maganda ya jozi, lile tunda la ganda gumu, unaong'oa masizi bila kukwaruza chuma.

Kile cha njia ya oili ni kitu kingine kabisa, ingawa dukani hukaa rafu moja na mwenzake na huitwa kwa jina lilelile. Hutiwa katika oili kuukuu muda mfupi kabla ya kuimwaga, injini ikaachwa ingurume bila kutembezwa kwa dakika zilizoandikwa kwenye chupa, kisha oili yote ikamwagwa pamoja na filta yake. Katika injini iliyobadilishwa oili kwa wakati hakina madhara, na kazi yake ni ndogo. Katika injini kuukuu iliyopuuzwa, ambayo ukifungua kifuniko cha oili unaona tope jeusi zito kama lami limeganda kwa ndani, ninakiogopa, kwa sababu tope hilo likimeguka kwa vipande huweza kwenda kuziba chujio la pampu chini ya sampo, na beringi zikakosa oili. Injini ya namna hiyo mimi ningeifungua sampo nikaisafisha kwa mkono, au ningebadilisha oili nzuri mara mbili tatu kwa vipindi vifupi, nikaiacha oili yenyewe iliyeyushe tope polepole, kwani oili nayo imetiwa visafishaji tangu kiwandani.

Ifahamike pia kwamba kiongezeo si lazima kisafishe. Kilichokuwa maarufu kuliko vyote katika karne ya 20 kilikuwa kemikali ya risasi, ile metali nzito, iliyogunduliwa na mhandisi Thomas Midgley huko Marekani mwaka 1921 kuwa inazuia injini isigonge, yaani petroli isilipuke ovyo ndani ya silinda. Risasi hiyo haikusafisha chochote, na ilitia sumu hewa ya miji mingi; nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuitumia kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. Vinasaba, yaani kemikali za alama, ambavyo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kusimamia viwekwe katika mafuta ya Tanzania mwaka 2010, ili kuwanasa wachakachuaji, navyo ni kiongezeo, wala haviifanyii injini yako lolote.

Yule mzee nilimkuta nje ya duka akisubiri bajaji. Nilimwamkia, nikamwomba anifungulie tena lile gazeti. Masizi makavu, yale yanayofutika kidoleni kama masizi ya sufuria, yangeniambia kwamba petroli inaingia nyingi kupita hewa, na huenda nozeli zinahusika. Plagi yake ilikuwa nyeusi iliyolowa, inang'aa kwa oili mpaka kwenye hesi. Nilimuuliza kama gari linatoa moshi, akasema unatoka wa bluu asubuhi anapowasha tu, halafu unapotea. Hizo kwa kawaida ni sili za valvu: zimekauka, zinaivujisha oili usiku. Fundi mzuri huzibadilisha bila kushusha injini.

"Chupa hiyo haitakudhuru, mzee wangu," nilimwambia, "ila inapita kwenye petroli, na tatizo lako liko kwenye oili. Ukifika kwa fundi usimwambie injini ni chafu. Mwambie inakula oili, na umtajie huo moshi wa asubuhi."