Kusoma Tena na Tena Si Kujua

Wengi huamini kwamba somo likishazoeleka machoni, limeingia kichwani. Si kweli. Kutambua jambo lililo mbele yako ni kazi nyepesi. Kulikumbuka kitabu kikiwa kimefungwa ni kazi nyingine kabisa.

Mwaka 2006, Roediger na Karpicke, watafiti wa saikolojia nchini Marekani, waliwapa wanafunzi matini fupi mbili. Moja waliisoma mara mbili. Nyingine waliisoma mara moja, kisha wakaandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, matini iliyorudiwa kusomwa iliongoza: ilikumbukwa kwa asilimia 81, dhidi ya 75 ya ile nyingine. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: 42 dhidi ya 56. Hapo ndipo wengi hudanganyika, maana kurudia kusoma huleta matunda papo hapo.

Basi chukua karatasi tupu, uandike kwa dakika 10 kila unachokumbuka, ukieleza sababu na si majina tu. Ukikwama, acha nafasi wazi. Usichungulie: jibu ukishaliona, utadhani ulilijua tangu mwanzo. Kisha fungua kitabu, sahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine, na usome sehemu ulizokosa. Jipime tena kesho, halafu baada ya wiki.