Kianiti haina sianidi: majina ya Kigiriki ya madini na jinsi yanavyotuchanganya

Kuna jamaa alinitumia picha ya jiwe la bluu, refurefu kama vijiti vilivyobanwa pamoja, kapewa zawadi, na swali lake lilikuwa moja tu: watoto wakilishika kuna shida? Nikamuuliza shida gani tena, akasema jiwe linaitwa kianiti na yeye kwenye kemia anakumbuka sianidi inaua. Nilicheka ila sio kwa dharau, maana ukifuata masikio tu jamaa yuko sawa kabisa, hayo maneno mawili ni ndugu wa damu. Sema undugu wenyewe ni wa rangi, sio wa sumu.

Neno ni kyanos, kwa Kigiriki bluu iliyokolea. Werner, yule mwalimu wa madini wa Freiberg kule Ujerumani, ndiye aliyelipa jiwe jina hilo mwaka 1789 na sababu yake ilikuwa hiyo hiyo, ni la bluu, basi. Sianidi nayo ilifika hapo kwa kuzunguka: Scheele, mwanakemia, mwaka 1782 alipata asidi yake kutoka kwenye ile rangi ya wachoraji inayoitwa bluu ya Prussia, jina likanasia hapo, wakati sianidi ya potasiamu yenyewe ukiiona ni nyeupe kama chumvi ya mezani. Kianiti ndani kuna alumini, silikoni na oksijeni, hakuna kaboni wala naitrojeni, ambavyo ndivyo vinavyounda sianidi, kwa hiyo hata ukiisaga ukitafuta sianidi utachoka bure. Tena sio zote za bluu, kuna za kijani, za kijivu, hadi za rangi ya chungwa, sasa hapo lile jina linabaki linaning'inia tu.

Kinachonikera ni kwamba kulikuwa na jina zuri zaidi. Haüy, yule Mfaransa wa fuwele, aliliita disthène, yaani nguvu mbili, na hilo unaweza kulijaribu mwenyewe: chukua kisu, kwaruza kianiti kufuata urefu wake, kisu kinaacha alama, halafu kwaruza kwa kukata upana, kisu kinateleza tu hakifanyi kitu. Jiwe lile lile, ugumu kama 5 huku na kama 7 kule kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu, kinachoishia 10. Lakini ndo hivyo, rangi ikashinda.

Kosa la jamaa lina wenzake wengi. Kloriti, watu wanadhani ina klorini, ile ya kutibu maji. Haina hata chembe. Ni madini ya kijani yenye magnesiamu, chuma, alumini na maji yaliyofungiwa ndani, na chloros kwa Kigiriki ni kijani cha majani machanga kinachoelekea njano. Mwanakemia Davy alipoipa gesi ya klorini jina mwaka 1810 naye alikuwa anaangalia rangi yake ya njano-kijani. Kwa hiyo hakuna aliyemzaa mwenzake hapo, wote wawili wamerithi kutoka kwa babu mmoja. (Kuchanganya zaidi, wanakemia nao wana kloriti yao ambayo kweli ina klorini, ila hiyo sio jiwe, ni chumvi ya maabara.) Seleniti hivyo hivyo, watu wanafikiri kuna seleni, kumbe ni jasi tu, jasi ile ile ya dari na ukuta ila imekua fuwele inayopitisha mwanga mlaini, na selene ni mwezi. Ukucha wa kidole unaikwaruza, ni laini kiasi hicho. Berzelius, mwanakemia aliyeigundua seleni, aliita elementi yake hivyo kwa sababu tayari kulikuwa na teluri iliyoitwa kwa jina la dunia, akaona aipe dunia mwenzake wa angani. Mwezi ule ule, habari tofauti kabisa.

Sasa tuje kwenye mkia. Ule mkia wa -iti umetoka kwenye -ites ya Kigiriki, ambayo ilikuwa inamaanisha kitu kama "-a", jiwe la kitu fulani, wakasema haimatites lithos, jiwe la damu, baadaye neno la jiwe likadondoka mkia ukabaki peke yake. Watu wakishajua hili wanaanza kuona Ugiriki kila mahali, wanasema chochote chenye -iti ni madini na ni Kigiriki. Hapana. Graniti kwanza sio madini, ni mwamba wenye madini kadhaa ndani yake, kwazi, feldspa, ulanga, na jina lake ni la Kiitaliano, granito, yaani iliyo na punje punje, mkia wake ni wa kitenzi cha Kiitaliano umefanana tu kwa bahati. Dainamiti nayo Nobel aliichonga mwaka 1867 kutoka dynamis, nguvu, mzizi wa Kigiriki kweli na mkia wa Kigiriki, lakini jiwe hakuna. Na upande wa pili yako madini chungu nzima hayana huo mkia wala huo ukoo: kwazi ni neno la wachimbaji wa Kijerumani, galena, jiwe linalotoa risasi, ni Kilatini, tomalini imetoka Kisinhala.

Hematiti nilitaka niipitie haraka ila siwezi, kwa sababu ndio iliyonifundisha kusoma haya majina. Haima ni damu. Mara ya kwanza kuishika ilikuwa nyeusi inang'aa kama chuma kilichopigwa msasa, nzito, baridi, nikasema hawa Wagiriki walikuwa vipofu au vipi, damu iko wapi? Mtu mzima aliyekuwa karibu akanipa kigae, akanigeuzia upande wa nyuma usio na mng'ao, akasema kwaruza. Nikakwaruza. Ikatoka mstari mwekundu wa kahawia, kabisa kama damu iliyokauka kwenye bandeji. Yaani jina halikuwa la sura ya jiwe, lilikuwa la unga wake, la mtu aliyelisaga. Tangu siku hiyo nikikutana na jina la Kigiriki swali langu la kwanza ni huyu aliyelipa jina alikuwa analifanya nini jiwe?

Ukiuliza hivyo mengi yanafunguka. Piriti wengi wanajua kwamba ni dhahabu ya wajinga, na kwa kuwa pyr ni moto wanadhani jina limetoka kwenye ule mng'ao wa njano. Mng'ao hauhusiki. Ukiligonga na chuma linatoa cheche, na Wagiriki walilitumia jina hilo kwa mawe zaidi ya moja, sharti lao lilikuwa cheche. Bariti sura yake ya kawaida tu ila ukiinyanyua mkono unashuka, ina uzito mara nne na nusu ya maji wakati mawe mengi yanacheza kwenye 2.7, ndo ikaitwa kwa barys, nzito. Othoklesi na plajioklesi, aina mbili za feldspa, kazi yao ilikuwa kuvunjwa: moja inapasuka kwa pembe ya nyuzi 90 kamili, orthos, nyingine imeegama kidogo, plagios. Grafiti mtu alikuwa anaandika nayo, graphein, na hii inaua na ile imani nyingine ya kwamba penseli ina risasi, hamna risasi ile ni kaboni.

Na yapo majina ambayo ni malalamiko. Apatiti wengine wanaihusisha na hamu ya kula kwa sababu ya Kiingereza, wakati apatao ni kudanganya. Werner aliipa jina hilo mwaka 1786 kwa kuwa watu walikuwa wanaichanganya na berili na tomalini, inabadilika rangi kila mahali. Halafu cha kuchekesha meno na mifupa yako yamejengwa na ndugu yake wa karibu sana, kwa hiyo kila siku unatafuna na tapeli. Sfaleriti vilevile, sphaleros ni ya hila, wachimbaji walikuwa wanaiona wanasema tumepata galena, wanaiyeyusha risasi haitoki. Leo ndio chanzo kikuu cha zinki duniani, ila jina la utapeli halijafutwa.

Asbesto sasa. Hii dhana utaikuta hata kwa watu waliosoma: eti maana yake ni isiyoungua. Maana yake ni isiyozimika, ambayo ni karibu kinyume chake, kitu kisichozimika ni kitu kinachowaka! Na Wagiriki hawakuwa wanaongelea hizo nyuzi, walikuwa wanaongelea chokaa mbichi, ile ukiimwagia maji badala ya kupoa inachemka na kutoa mvuke kama imekasirika. Nyuzi zenyewe waliziita amiantos, isiyochafuka, kwa sababu kitambaa chake kikichafuka unakitupa motoni kinatoka kisafi. Katika kupita mikono ya Warumi neno la chokaa likahamia kwenye nyuzi na huku kwingine likabaki hivyo. Ugiriki yenyewe mpaka leo hawakuhama, ukisema asvestis wanaelewa chokaa, na nyuzi ni amiantos, Wafaransa nao wanasema amiante. Na hiyo "isiyochafuka" ndio iliyokuja kuchafua mapafu ya watu na kuwaletea saratani, kwa hiyo usitegemee jina la jiwe likuonye.

Kuna wanaosema haya mambo ya Kigiriki hayatuhusu, Kiswahili kina maneno yake. Kina, na yasikilize vizuri: almasi imetoka Kiarabu, na Waarabu waliipata kwenye adamas ya Kigiriki, isiyoshindwa, wakaikata mpaka sehemu ya mbele ikawa inasikika kama al yao. Yakuti ukiifuata nyuma inakupeleka mpaka hyakinthos. Zumaridi ni smaragdos iliyotembea sana. Kwa hiyo bibi aliyevaa kipini cha almasi amevaa neno la Kigiriki na wala hakumuuliza mtu.

Na adamas yenyewe imezaa uongo mkubwa kuliko yote, kwamba almasi haivunjiki. Plinio, mwandishi wa Kirumi, aliandika kwamba ukiiweka juu ya fuawe ukaipiga, vitakavyovunjika ni nyundo na fuawe, na kwamba kitu pekee cha kuilainisha ni damu ya mbuzi ikiwa bado ya moto. Jamani usijaribu. Ugumu wa kutokwaruzika ni kitu kimoja, kwenye Mohs inashika 10 na hakuna madini ya kuipita, lakini kustahimili kipigo ni kitu kingine, almasi ina pande nne za kupasukia na nyundo ya kawaida inaipasua vipande, wakataji wa vito wamekula kwa kulijua hilo miaka na miaka. Na inaungua pia. Mwanakemia Lavoisier aliiunguza kwa kukusanya mwanga wa jua kwa lenzi miaka ya 1770, na mwenzake wa kemia Tennant mwaka 1797 akaonyesha gesi inayotoka ni ile ile inayotoka kwenye mkaa ukiungua.

Yakuti samawi nayo ina kisa. Watu wanadhani sappheiros ya zamani ndiyo safiri ya leo, yaani hiyo yakuti samawi, ila Theofrasto, mwanafalsafa wa Kigiriki, karibu miaka 2,300 iliyopita, anaielezea kuwa ina madoadoa ya dhahabu. Safiri haina hayo. Lapisi lazuli, jiwe lingine la bluu, inayo, na wala sio dhahabu, ni piriti. Jina limehama nyumba mpangaji akabadilika.

Ninalolipenda kuliko yote ni piroksini. Pyr moto, xenos mgeni, na Kiswahili kinaitafsiri vizuri ajabu maana xenos kama mgeni wetu ni yule wa kukaribishwa na pia ni yule asiyejulikana. Haüy huyo huyo mwaka 1796 alikuta fuwele hizi ndani ya lava akaamini haziwezi kuzaliwa kwenye moto, zitakuwa zimeokotwa njiani tu, akaziita mgeni wa moto. Alikosea kabisa, piroksini inazaliwa humo humo kwenye ujiuji wa mwamba, tena mapema kabla madini mengi hayajaganda, ndio mwenyeji mwenyewe wa bazalti, ule mwamba mweusi wa volkeno. Jina liko pale pale kwenye kila kitabu, kosa la mwaka 1796 linasomeshwa mpaka leo na hakuna anayeona haja ya kulirekebisha.

Kuhusu majina mapya, usidhani bado wanakaa na kamusi ya Kigiriki. Madini yanayotambuliwa sasa yamepita 6,000, majina mapya yanapitishwa na kamati ya chama cha kimataifa cha wanamadini, na mengi ni ya watu au mahali, ila aliyegundua haruhusiwi kujiita mwenyewe. Tanzanaiti haimo kwenye orodha kama aina ya pekee, ni jina la biashara la mwaka 1968, madini yenyewe ni zoisaiti. Ila magadiiti imo, iliyoelezwa 1967 kutoka Ziwa Magadi, na zile i mbili zikifuatana sio kosa la kuandika, ya kwanza ni ya Magadi na ya pili ni ya Wagiriki.