Kuvua kwa nzi: uzito uko kwenye mshipi

Mwambie mvuvi wa Dunga, pale Kisumu, kwamba ulikwenda Kericho kuvua kwa nzi, atadhani ulikamata nzi hai ukamtunga kwenye ndoana. Nzi huyu hana uhai. Ni ndoana ndogo, pengine kama punje ya mchele, iliyozungushiwa uzi na manyoya ya jogoo hadi ifanane na mdudu wa mtoni. Nimemwona fundi akimfunga mmoja: alichukua unyoya mwekundu wa shingoni, akauzungusha mara nne nyuma ya tundu la ndoana, vinyweleo vikasimama kama miguu. Nzi wengi wanaotumiwa Ulaya hufungwa kwa mikono hapa Kenya, na mafundi hao tunawasifu kidogo mno.

Lakini kiini cha uvuvi huu ni mshipi. Katika uvuvi wa kawaida unarusha chubwi, kile kipande cha risasi, nacho huuvuta mshipi nyuma yake. Nzi ni mwepesi mno, ni kama kujaribu kurusha unyoya. Kwa hiyo uzito umehamishiwa kwenye mshipi wenyewe, mnene, uliovishwa plastiki. Fikiria mjeledi wa ng'ombe wa kulimia: nchani hauna jiwe, ila hufika mbali kwa uzito wa ngozi yake. Unautupa mshipi nyuma, unangoja unyooke wote hewani, ndipo unausukuma mbele. Asiyengoja huangukiwa nao mabegani. Mwisho wake hufungwa uzi mwembamba, usioonekana kwa urahisi majini, na nzi hukaa kwenye ncha ya uzi huo.

Trauti, samaki anayevuliwa kwa njia hii, hutulia akielekeza kichwa mkondo unakotoka, akisubiri maji yamletee chakula. Nzi akielea sawasawa na povu lililo kando yake, atamdaka. Mkondo ukiunasa mshipi na nzi akaburutwa hata kidogo, humwacha apite.

Si samaki wa asili hapa. Wa kwanza waliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905, wakatiwa mto Gura huko Aberdare. Anataka maji baridi, na yakizidi nyuzi 20 za Selsiasi huanza kutaabika, kwa hiyo Ziwa Victoria halimfai. Mto Kiptiget unaotoka Mau unamfaa, na Suam wa Mlima Elgon vilevile. Miti ya ukingoni ikikatwa, jua hupasha maji, tope hufunika kokoto anamotagia mayai, na mvuvi hulazimika kupanda juu zaidi kumtafuta.