Milisekunde moja na nusu: kuoanisha mpigo wa ubongo na wa neva baada ya jeraha la uti wa mgongo

Jeraha la uti wa mgongo mara nyingi haliukati uti wote. Nyuzi chache za neva hubaki zimevuka, ila ujumbe wake ni hafifu mno kuuamsha msuli. Hizo chache ndizo tunazozilenga. Mpigo wa sumaku juu ya fuvu hushusha ujumbe, mpigo wa umeme kwenye neva ya mkono hupandisha mwingine, na zote mbili zikutane kwenye seli inayoamrisha msuli, wa ubongo ukitangulia kwa milisekunde 1 hadi 2. Ukitangulia, muungano wao huimarika. Ukichelewa, unaweza kudhoofika. Karen Bunday na Monica Perez walichapisha matokeo ya njia hii mwaka 2012.

Kazi yote ni hesabu. Tuchukue msuli ulio kati ya kidole gumba na cha shahada, neva yake, iitwayo ulna, ikipigwa kwenye kifundo cha mkono. Wimbi la M, yaani jibu la msuli linalotoka moja kwa moja nevani, limetoka baada ya milisekunde 3; wimbi la F, yaani jibu la ujumbe uliopanda hadi utini na kurudi, baada ya 28. Kwenye 28 toa 3, toa 1 ya kugeukia ndani ya uti, gawanya kwa 2: kupanda kutoka kifundoni hadi utini ni 12. Kutoka utini hadi msulini, basi, ni 12 na 3, yaani 15. Jibu la mpigo wa sumaku limefika msulini kwa 27, kwa hiyo ubongo hadi utini ni 12. Njia zote mbili ni 12, basi piga neva milisekunde 1.5 baada ya ubongo.

Kwa mtu asiye na jeraha, mwenye 7 badala ya 12 kutoka ubongo hadi utini, neva ingepigwa milisekunde 3.5 kabla ya ubongo. Ndiyo maana sitaki kabisa kusikia namba za kitabuni.

Pima jibu la ubongo mgonjwa akibana vidole kwa nguvu kidogo tu. Msuli uliolegea huchelewesha jibu kwa milisekunde kadhaa, na kosa hilo peke yake linameza nafasi yote uliyonayo. Kosa jingine ni elektrodi za neva kugeuzwa: ncha hasi ielekee kiwiko. Koili, kifaa kinachotoa mpigo wa sumaku, nayo huteleza. Chora alama kwenye kofia, na jibu likipungua ghafla angalia alama kabla ya kuongeza nguvu. Kama hakuna jibu lolote hata akibana, hakuna cha kuhesabia, na njia hii haimfai.

Kikao ni jozi 100 za mipigo, moja kila sekunde 10, ni kama dakika 17. Mwenye kifafa, chuma kichwani au kifaa cha mapigo ya moyo haguswi mpaka daktari wake aseme. Jeraha likiwa T6 (pingili ya sita ya kifua) au juu zaidi, pima shinikizo la damu, maana linaweza kupanda ghafla: ukiona kichwa kuuma ghafla na jasho usoni, zima mashine, mkalishe wima, kagua mpira wa mkojo.

Baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, anywe saa ileile kila siku. Asiikate ili vipimo vipendeze, kuiacha ghafla ni hatari. Mazoezi ya kushika na kuachia yaanze papo hapo, koili ikishatolewa tu, maana athari ya kikao kimoja hufifia ndani ya saa moja hivi.