OK: si hesabu ya maiti, wala si jina la mji

Kuhusu asili ya neno OK, kisa kinachosambazwa sana ni cha vitani. Eti Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe, kikosi kikirudi bila kupoteza askari kiliandika "0 Killed", hakuna aliyeuawa, na hapo ndipo OK ikazaliwa. Kitamu, ila tarehe zinakiumbua. Vita vile vilianza 1861, na OK ilikuwa imeshachapishwa Machi 23, 1839, katika gazeti la Boston Morning Post.

Waandishi wa Boston wakati huo walikuwa na mchezo wa kukosea tahajia makusudi, kisha kufupisha kosa lenyewe. "All right" waliigeuza "oll wright", kifupi chake O.W. "All correct", yaani sawa kabisa, ikawa "oll korrect", nayo ikazaa o.k. Ni utani uleule wa vijana wetu wanaoandika "xaxa" badala ya "sasa".

O.W. na wenzake walikufa. OK ilibebwa na siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren aligombea tena, na kwa kuwa kwao ni Kinderhook, jimbo la New York, wafuasi wake walimwita Old Kinderhook, wakaunda na O.K. Club. Ndiyo maana wapo wanaoapa kwamba neno limetokana na mji huo. Kumbe jina la utani lililikuta neno lipo, likalipa umaarufu tu. Wapinzani nao hawakulala: walizusha kwamba Andrew Jackson, aliyemtangulia Van Buren, hakujua tahajia, na ndiye aliyekuwa akigonga OK kwenye karatasi za serikali akidhani ndicho kifupi cha "all correct". Propaganda tupu. Van Buren alibwagwa na William Henry Harrison, neno likabaki.

Wengine hutafuta asili kwa masikio. Rais Woodrow Wilson aliandika "okeh", akiamini ni neno la Wachoctaw, wenyeji wa asili wa Marekani. Wagiriki wanadai "ola kala", Waskoti "och aye", na wapo wanaolivuta hadi kwa Wawolofu wa Afrika Magharibi. Ningependa hili la mwisho liwe kweli, lakini kufanana kwa sauti si ushahidi.

Aliyefukua magazeti hayo ni Allen Walker Read wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliyechapisha matokeo yake 1963 na 1964. Naye hakufika huko kwa siku moja: mwaka 1941 alikuwa ameandika kwamba asili ni klabu ya Van Buren.