Chiang Kai-shek alivyohamia Taiwan mwaka 1949

Wengi wakisikia kwamba Chiang Kai-shek, rais wa China aliyeshindwa vitani na Wakomunisti, alikimbilia kisiwa cha Taiwan, hudhani ilikuwa safari ya usiku mmoja. Ni kweli kwamba tarehe 10 Desemba 1949 alipanda ndege Chengdu pamoja na mwanawe, Chiang Ching-kuo, na hakukanyaga tena China bara mpaka alipofariki mwaka 1975. Lakini uhamisho huo ulianza mwaka mzima kabla, na sehemu kubwa ulisimamiwa na mtu ambaye kisheria hakuwa tena rais.

Chiang alitangaza kung'atuka tarehe 21 Januari 1949, siku chache baada ya majeshi yake bora kuangamizwa na Wakomunisti katika mapigano ya Huaihai. Li Zongren, makamu wake, akawa kaimu rais. Alipewa ofisi, hazina hakupewa: tangu Desemba 1948 dhahabu ya Benki Kuu ilikuwa ikipakiwa melini Shanghai kwa amri ya Chiang. Dhahabu hiyo haikuwa ya serikali pekee. Agosti 1948 wananchi walilazimishwa kuikabidhi serikali dhahabu na fedha zao, wapewe noti mpya, na baada ya miezi michache noti hizo hazikuwa na thamani yoyote. Tunapoeleza kwa nini watu wa mijini waliichoka Kuomintang, chama cha Chiang, tuanzie hapo kabla ya kutaja vita.

Zilivushwa pia hazina za makasri ya wafalme: michoro, kauri, shaba za kale na vitabu, masanduku 2,972 kutoka Jumba la Makumbusho la Kasri. Meli ya mwisho ilipokuwa ikipakia Nanjing, familia za wanamaji ziliparamia zikitafuta nafasi, na masanduku kadhaa yakaachwa gatini.

Wakimbizi walikadiriwa kufikia milioni mbili. Wenyeji wa kisiwa hawakuwa na sababu ya kuwashangilia. Walikuwa wametawaliwa na Japani kwa miaka 50 hadi 1945, kisha Februari 1947 walipoandamana dhidi ya watawala wapya kutoka bara, jeshi liliua maelfu yao.

Huenda kisiwa nacho kingeanguka. Ila Juni 1950 vita vya Korea vililipuka, na Rais Truman akapeleka manowari za Marekani kwenye mlango wa bahari kati ya Taiwan na bara. Chiang, aliyekuwa amerudi kwenye urais Machi mwaka huo, akapona. Kiti cha China Umoja wa Mataifa alikishikilia mpaka 1971, kura ilipoipa serikali ya Kikomunisti ya Beijing. Tanzania, ikiwakilishwa na Salim Ahmed Salim, ilikuwa mstari wa mbele kuitetea Beijing.

Na kwa kuwa aliahidi kurudi kuikomboa bara, hali ya vita haikufutwa. Sheria ya kijeshi iliyotangazwa Taiwan Mei 1949 iliondolewa Julai 1987, miaka 12 baada ya kifo chake.