Hapana, Seva ya Muziki ya Nyumbani Haili Bando

Nikishamfungia mteja seva ya muziki kwenye laptopu ndogo ya Linux (mfumo endeshi unaowekwa badala ya Windows), najua swali litakalofuata: "Fundi, hiki kitu si kitanimalizia bando?" Nimelijibu mpaka ulimi umeota sugu, kwa hiyo leo naliandika.

Hakimalizi. Wimbo umo kwenye diski ya laptopu iliyopo sebuleni kwako. Ukibonyeza kwenye simu, wimbo unatoka kwenye laptopu, unapita kwenye ruta, unaingia kwenye simu. Haukutoka nje ya nyumba, na kampuni ya simu haina habari kwamba unasikiliza taarabu saa nane usiku. Ruta ina kazi mbili ambazo watu wamezifanya moja: kuunganisha vifaa vya humo ndani, na kuvifungulia njia ya kwenda intaneti. Ile ya kwanza hailipiwi. Anwani zinazoanza na 192.168 unazoziona kwenye laptopu zilitengwa maalumu kwa mitandao ya ndani. Kwenye intaneti hazipiti hata ukizilazimisha.

Anayebisha achomoe laini kwenye ruta, kisha apige wimbo. Utalia vilevile. Asiye na ruta awashe hotspoti ya simu isiyo na bando wala salio, aunganishe laptopu na simu nyingine humo. Kwa simu nyingi, vitaonana bila shida.

Imani hii inakotoka nakujua. Simu za Android zikikuta Wi-Fi isiyo na intaneti hulalamika, na nyingine huhamia data ya laini kimyakimya. Ikishahamia huko haiioni tena seva, programu inaleta ujumbe wa kosa, na mwenye simu anakata shauri: bando limeisha, seva imekufa. Simu ikikuuliza kama ubaki kwenye Wi-Fi hiyo, kubali, na uweke alama isikuulize tena. Ikiendelea kusumbua, zima data. Na tafadhali, simu isiunganishwe kwenye Wi-Fi ya wageni ya ruta, maana mara nyingi vifaa vya humo vimezuiwa kuonana.

Bando huliwa siku ya kusakinisha programu, siku ya masasisho, na pale unapotaka nyimbo za nyumbani zikufuate kwenye daladala. Hapo ndipo pa kupiga hesabu: MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde hula MB 144 kwa saa, na unazilipia mara mbili, nyumbani zikipanda na kwenye simu zikishuka. Mimi huwaambia wateja wanakili albamu kwenye simu kabla ya kutoka. Wachache husikia.

"Laptopu yenyewe kuukuu mno." Kuukuu kwa Windows. Vile vilaptopu vya mwaka 2008 vyenye prosesa ya Intel Atom N270 na RAM ya GB 1 vinatosha. MPD, mojawapo ya programu za seva ya muziki, ilianza mwaka 2003, enzi za mashine zisizo na nguvu kubwa, na kazi yake ni kupiga muziki kwenye spika zilizochomekwa kwenye laptopu huku simu ikiwa rimoti tu. Kinacholemea mashine ya namna hii ni kubadili fomati wakati wimbo unapigwa. Usiruhusu seva yako ifanye hivyo. Angalizo la kweli ni moja: N270 ni ya biti 32, na Debian 13 (Debian ni toleo mojawapo la Linux), iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32. Weka Debian 12.

Eti ukifunga kifuniko seva inakufa. Inalala, kwa kuwa ndivyo ilivyoagizwa. Fungua faili la mipangilio /etc/systemd/logind.conf, andika HandleLidSwitch=ignore, washa mashine upya, funga kifuniko. Wapo walioegesha kijiti kwenye bawaba kwa jambo hili.

"Nibadilishie MP3 zote ziwe FLAC, sauti iwe safi." FLAC ni fomati isiyotupa chochote cha sauti, lakini MP3 ilishatupa sehemu yake. FLAC itatunza kwa uaminifu kilichobaki, kwenye faili kubwa zaidi. Ukitaka FLAC, anzia kwenye CD.

Halafu kuna "Linux imefuta nyimbo zangu", linalonichosha karibu sawa na bando. Hakuna kilichofutwa. Navidrome, programu nyingine ya seva ya muziki, haipangi nyimbo kwa jina la faili, inazipanga kwa lebo zilizomo ndani yake, yaani maandishi ya jina la wimbo, msanii na albamu. Nyimbo za kujaziwa kibandani, mahali pa jina la msanii mara nyingi pana jina la tovuti au namba ya simu ya aliyejaza flashi. Matokeo yake bendi zote zinakuwa msanii mmoja. Kwa nyimbo zinazojulikana duniani, programu ya Picard itakusaidia kupata majina. Dansi la zamani na taarabu ya kaseti utaandika kwa mkono, na programu ya EasyTAG inafaa kwa kazi hiyo. Kama huna subira hiyo, rudi kwenye MPD, ambayo itakuonyesha folda zako kama ulivyozipanga.

La mwisho, betri. "Itoe, isije ikaungua." Ikiwa nzima iache, kwa sababu umeme ukikatika ndiyo inayoiokoa diski isizimike katikati ya kuandika. Iliyovimba itoe leo hii. Laptopu nyingi za aina hiyo zinafanya kazi kwa adapta peke yake.